Uji wa Palizi

Siku ya arobaini ya dada yangu Zena, mwanawe mkubwa, Kibwana, alinifuata jikoni. Mwanamume wa umri wake, mwenye mvi kidevuni na wajukuu wanaomwita babu, hana kazi jikoni siku ya shughuli, na wanawake walimwambia hivyo bila kumung'unya maneno. Hakujali. Alivuta kibao cha mbuzi akakaa karibu yangu, mimi nikiwa nachambua mchele, akasema kwa sauti ya chini, "Mama mdogo, kuna jambo nilitaka kumwuliza mama maisha yangu yote. Sikuthubutu. Sasa amekwenda nalo." Nikamwambia aniulize mimi, maana aliyoyajua Zena katika miaka yake ya ujana niliyajua na mimi, tulilala mkeka mmoja. Akageuka kutazama kama kuna anayesikiliza. "Nilipokuwa mdogo niliugua nini?" Nilijifanya nimeona jiwe kwenye mchele, nikalitafuta kwa muda mrefu, na jiwe halikuwepo.

Nimerudi nyumbani kwangu hapa mjini Morogoro, na swali lile limekuja nami kwenye kapu pamoja na ndizi nilizofungiwa. Basi nauandika mwaka ule kama ulivyokuwa. Habari za ukoo wetu, nani alimzaa nani na nani aligombana na nani kwa ajili ya shamba gani, waulizeni wengine, wapo wanaozipenda. Mimi nitaanza na chumba. Nyumba ya Zena ilikuwa juu ya Matombo, huko milimani, mahali ambapo ukimwaga maji mlangoni unayaona yakikimbia mpaka kwa jirani wa chini. Chumba kilikuwa kimoja. Katikati mafiga, juu ya mafiga uchaga wa kuwekea mahindi, na mahindi yale yalikuwa meusi kwa moshi kiasi kwamba mgeni angedhani yameungua. Nyuma ya uchaga, upande usio na mwanga, kulikuwa na kitanda cha kamba. Hapo ndipo Zena alipomficha Kibwana.

Nilikuwa kigoli wakati huo, nimepelekwa kwa dada nimsaidie kazi kwa sababu mume wake, Mloka, alikuwa ameandikwa kazi kwenye reli. Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wanaisukuma reli yao kuelekea bara, na wanaume wa milimani walikuwa wanaifuata ili wapate kodi. Mloka alirudi mara moja tu, mvua za vuli zilipokwisha, amekonda na anacheka kama kawaida yake, akakaa siku chache, akaondoka. Baada ya muda Zena akajikuta ana mimba, na Kibwana bado yuko kifuani. Kwetu, mama akijua ana mimba, mtoto anaachishwa ziwa siku hiyohiyo. Maziwa yale yanahesabiwa ni ya yule aliye tumboni, na kwa mwingine ni sumu. Kwa hiyo Kibwana, aliyekuwa ameanza kusimama kwa kushika kinu, alihamishwa kutoka kifuani kwa mama yake akapelekwa kwenye uji mwepesi wa mahindi na ndizi ya kuchoma. Alilia, akazoea, halafu akaacha kusimama. Miguu ikavimba. Nywele zikageuka rangi, zikawa kama ndevu za mhindi. Kilichonitisha mimi zaidi ya yote ni kwamba aliacha kulia. Alikuwa anatutazama tu, kama mzee aliyechoshwa na maneno ya watu.

Vijana wa siku hizi wananicheka nikitaja neno kubemenda, lakini wakati ule neno hilo halikuchekesha mtu. Mtoto anayenyonya akikonda au akivimba namna ile, ilijulikana wazazi wamembemenda: wamekutana kitandani kabla ya wakati, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa, na uchafu wa jambo hilo umempata mtoto. Haikuwa lazima mtu aseme. Mtoto mwenyewe alikuwa anatembea akiwatangaza wazazi wake, kama anaweza kutembea. Na Zena alikuwa na ushahidi wa pili, tumbo lake lilianza kuonekana chini ya kaniki. Ndiyo maana alimweka mtoto nyuma ya uchaga, na mtu akibisha hodi anajibu akiwa ameshasimama mlangoni, amejaza mlango wote kwa mwili wake. Hata mama mkwe wake, Bi Salima, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka kwetu, hakuruhusiwa kumwona. "Amelala, mama." Kila siku mtoto amelala.

Mimi asubuhi nilikuwa nakwenda misheni ya mapadri. Niliajiriwa jikoni kutwanga, na jiko lile nalipenda mpaka leo. Lilikuwa refu, limepakwa chokaa, lina madirisha mawili yanayotazama bustani ya kabichi, na harufu yake ilikuwa ya moshi, maharage na sabuni. Mkubwa wa jiko alikuwa Mama Veronika, mjane Mkristo, mnene, mwenye kicheko kinachotangulia kabla ya yeye mwenyewe kuingia. Juu yake alikuwepo Sista, mwanamke mrefu wa Kidachi mwenye mikono mikubwa kama ya mkulima. Kiswahili chake alijifunza pwani kabla hajaletwa kwetu, kwa hiyo kilikuwa kimepigwa pasi, na sisi watu wa milimani ndio tuliokuwa tunakikosea mbele yake. Alinitaka nibatizwe, mimi nikawa namwambia nitafikiri. Alikuwa ananiuliza kila Jumatatu, bila kuchoka na bila kukasirika, na mimi kila Jumatatu bado nilikuwa nafikiri.

Siku moja alikuja daktari wa Boma amepanda nyumbu, pamoja na akida, msimamizi wa majumbe wetu. Akida alikuwa mtu wa pwani, kanzu yake safi hata katika matope ya kwetu, sijui alifanyaje. Walikaa barazani na Sista, na mimi nilikuwa natwanga karanga upande wa pili wa ukuta, kwa hiyo nilisikia kila kitu kilichosemwa kwa Kiswahili, na kilichosemwa kwa Kidachi nilikikisia. Daktari alikuwa amepita vijijini akaona watoto ni wachache, na wengi kati ya waliopo ni dhaifu. Serikali ilikuwa na magunia ya maharage na mchele, lakini haikuwa na mtu wa kupika wala nyumba ya kupikia. Misheni ilikuwa na nyumba, kuni, masufuria na wanawake, lakini haikuwa na chakula cha kutosha. Basi wakubaliane. Walikubaliana, lakini kila mmoja kwa kuchungulia mfuko wa mwenzake. Daktari alisema Boma halitaki kusikia kwamba mama amenyimwa uji kwa sababu hajabatizwa. Sista alisema misheni haitaki kusikia kwamba mama aliyeleta mtoto ameulizwa kuhusu kodi ya mumewe. Akida alitafsiri hayo mawili kwa jumbe wa kijiji aliyekuwa amechuchumaa pale, kwa adabu kubwa, kama anayepeleka posa. Halafu daktari akaweka sharti lake. Chakula ni kidogo, basi wapewe wenye shida tu. Mbiu ipigwe kila kijiji: watoto waliokonda na waliovimba waletwe misheni kila Jumatano wapate uji, pamoja na mama zao wenye mimba.

Mchi ulisimama mkononi mwangu. Jumbe aliinamisha kichwa akachora chini kwa kidole. Hapo barazani watu wawili walijua wazi kwamba mbiu hiyo itakuwa kama kuita wazinzi wajitokeze hadharani, na mimi wa tatu nyuma ya ukuta, na Mama Veronika wa nne mlangoni na sinia la chai. Lakini nani angelitamka neno lile? Akida alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, na mbele yake ameketi mwanamke asiye na mume, aliyejitolea kwa Mungu, amefunika nywele. Kumweleza mambo ya kitandani! Afadhali angevua kilemba chake. Jumbe naye hivyohivyo. Na mimi kigoli, ningetoka nyuma ya ukuta niseme nini? Basi akida akakohoa, akasema, "Itapigwa, bwana daktari," na daktari akanywa chai yake akaridhika. Mara nyingi nimesikia watu wakisema mipango ya zamani iliharibika kwa ukatili. Ule wetu uliharibiwa na adabu.

Mbiu ilipigwa. Jumatano tulipika sufuria mbili kubwa za uji wa karanga na maharage, tukapanga vibuyu juu ya mabenchi, Sista akasimama mlangoni amevaa aproni safi. Hakuja mtu. Jumatano iliyofuata alikuja bibi mmoja kiziwi ambaye hakuisikia mbiu, alikuja kuomba chumvi. Uji walikula nguruwe wa mapadri, na nguruwe wale walinenepa mwaka ule mpaka wakawa wanatembea kwa shida. Akida akasema alete askari wapite nyumba kwa nyumba. Sista akamwambia, kwa Kiswahili chake kilichonyooka, kwamba askari akitia mguu katika jiko lake atatoka na sufuria kichwani. Lakini habari za askari zilishawafikia watu, na wenye watoto wagonjwa wakawapandisha mashambani huko juu, kwenye vibanda vya kulindia nguruwe mwitu, kwenye baridi. Zena naye alianza kuzungumza habari za kibanda. Nikamwambia akimpeleka Kibwana kwenye baridi ile atamrudisha akiwa amefungwa kwenye mkeka.

Jioni moja nilirudi nikiwa nimeficha uji kwenye jani la mgomba, kama nilivyozoea. Niliuiba, ndiyo, na Mama Veronika aliona, akageuka kutazama dirishani. Kabla sijafika mlangoni nilimsikia Bi Salima ndani, amefanikiwa kuingia, lakini hajavuka mafiga. Nikakaa nje na jani langu mkononi. "Ungemsubiri mtoto hata akimbie," alikuwa anasema. "Mwaka mmoja zaidi ulikuwa na nini? Damu yetu hiyo unaiua." Zena akajibu, na sikuwahi kumsikia akimjibu mkwewe namna hiyo: "Mwanao ndiye aliyekuja kutoka relini, mama. Mimi sikumfuata." Kisha Bi Salima akasema polepole, "Basi mlimbemenda wawili," akatoka, akanipita pale nje bila kuitikia shikamoo yangu. Niliingia. Zena alikuwa amekaa mbele ya moto, mikono imelala magotini. Alimlisha Kibwana uji ule kwa kidole. Alimeza kidogo, mwingine ukatoka. Kilichobaki Zena hakukigusa. Siku zile alikuwa karibu ameacha kula. Aliona haya kula huku mtoto wake hali, na tumbo lake lilikuwa linakua kwenye mwili unaopungua. Nilimwogopea kuliko nilivyomwogopea Kibwana. Nilimpenda sana dada yangu, na nilikuwa naona watu watatu wanazimika katika chumba kile kimoja, mmoja wao hajazaliwa.

Aliyemwambia Sista ukweli ni Mama Veronika. Alichukua karibu asubuhi nzima. Alianza kwa habari za kuku, akapitia habari za marehemu mumewe, akacheka, akajifuta machozi, akaniambia nitoke nje, mimi nikatoka mpaka chini ya dirisha. Alipofikia neno lenyewe alilisema haraka, kama anayetema mbegu. Sista aliuliza maana yake. Akaelezwa. Nikasikia kiti kinasogezwa na Sista anasema, "Kumbe tumewaita waje kujishitaki." Akatoka akaenda kanisani. Aliporudi alikuwa na mpango wa kwenda mwenyewe kila nyumba, na Mama Veronika akamwambia nyumba atakayoingia yeye ndiyo itakayojulikana. Hapo walikwama wote wawili, na mimi nikakwama nao nje ya dirisha.

Jambo lililotukwamua halikutoka kwenye kichwa cha mtu. Maharage ya Boma yalianza kubunguliwa. Ukifungua gunia unakuta unga unga, na vijidudu vinatembea juu ya mkono. Wakati huohuo shamba la mahindi la misheni lilikuwa limezidiwa na majani, na vibarua wanaume wako relini. Sista alikuwa mwanamke wa shamba, hakuweza kuona chakula kinaharibika na majani yanaota siku moja. Akasema yaitwe majirani kwa palizi, na maharage yale yapikwe yote yaliwe kabla wadudu hawajayamaliza. Basi. Hakuwa na lingine moyoni, aliniambia hivyo mwenyewe miaka mingi baadaye. Lakini wito wa palizi kwetu si kitu cha mchezo. Ukiitwa unakwenda, maana na wewe una shamba, na asiyekwenda kwa wenzake majani yatamfunika peke yake. Unakwenda na jembe, na watoto wako wote wadogo, kwa sababu utamwachia nani? Watoto wanawekwa kivulini. Mwanamke mkubwa kuliko wote katika mstari halimi siku hiyo. Yeye anashika upawa, anawapakulia na kuwalisha watoto wote, wa huyu na wa yule, na mama zao hawageuki nyuma mpaka mstari umefika mwisho. Chakula cha palizi hakina jina la mtu. Hakuna anayeuliza kwa nini mtoto huyu anakula, anakula kwa sababu mama yake ana jembe.

Wanawake walijaa. Mama Veronika alipoona wanavyoteremka kutoka vilima vyote na watoto migongoni, wanene kwa wembamba, aliweka upawa chini akanikamata bega akanitikisa. Kutoka kwenye vitambaa vile walitoka watoto ambao hatukujua kama wako duniani. Siku hiyohiyo Sista alitangaza kwamba shamba ni kubwa, palizi itaendelea, na maharage yapo. Lilikuwa shamba la kawaida. Lilipaliliwa mwaka ule mpaka mahindi yenyewe yakaona haya. Yalipoisha mahindi tulipalilia kabichi, yalipoisha kabichi tulipalilia njia ya kwenda makaburini.

Daktari alirudi na nyumbu wake kabla hatujatarajia. Alikuta maharage ya serikali yanaliwa na wanawake wenye majembe, na katika watoto waliokaa kivulini kuna wengine mashavu yao yanang'aa. Uso wake ulibadilika. Aliongea na Sista kwa Kidachi, kwa sauti ya juu, akionyesha watoto wanene mmoja mmoja kwa fimbo. Sista alimsikiliza mpaka akamaliza. Halafu akaanza kumweleza, naye kwa Kidachi, polepole, akitazama vidole vyake, na masikio yake yakageuka rangi ya nyanya. Sikuelewa neno hata moja na nilielewa yote. Daktari alimtazama akida, kama anayeuliza mbona hukuniambia, na akida akaitazama milima. Mwisho wake daktari alivua kofia, akakaa juu ya gogo, akaomba kibuyu cha uji. Alikula wote. Sijui aliwaambia nini wakubwa wake, lakini magunia mengine yalikuja, na safari hii pamoja na karanga. Nilisikia watu wakimcheka kwa kukaa na watoto, mimi sikumcheka.

Lakini Zena alikuwa hajaja. Mara ya kwanza alisingizia mgongo, na watu wakakubali kwa sababu ya mimba. Mara ya pili akasingizia tena, na Bi Salima akauliza njiani, kwa sauti ya kusikika, kama mkwewe siku hizi ni mke wa liwali. Kibwana wakati huo hakushika tena kidole changu nikikiweka kwenye kiganja chake. Asubuhi ya palizi iliyofuata niligoma kuondoka. Nilikaa kwenye kizingiti nikamwambia, "Dada, leo siendi misheni wala sitwangi wala sichoti maji mpaka uchukue jembe." Akaniambia nitamtia aibu. Nikamwambia kule hakuna anayefunua kitambaa cha mtu. Akauliza, "Unaapa?" Nikaapa, na nilikuwa naamini ninachoapa. Akamfunga Kibwana mgongoni kwa kaniki mbili, ya pili mpaka kichwani, akachukua jembe, akatangulia. Niliutazama mgongo wake njia nzima, na uzito aliobeba haukuonekana, ilikuwa kama amebeba kaniki tupu.

Tulipofika, wanawake walishajipanga. Na chini ya mti wa kivuli, upawa mkononi, alikuwa amekaa Bi Salima. Kumbe yule bibi aliyekuwa akishika upawa siku zote alikuwa anaumwa, na aliyemfuata kwa umri ni yeye. Zena alisimama. Nilimwona anageuka, mguu mmoja umeshaelekea nyumbani, na mimi nikasimama njiani mbele yake, na nadhani ningemsukuma kama angepita. Kila mtu pale alijua maneno yaliyopita kati ya wawili hawa, milima yetu inasikia. Bi Salima akasema kutoka palepale alipokaa, bila kupandisha sauti, "Mlete. Jembe haliwezi kulima na mtoto mgongoni." Ilikuwa ndiyo desturi, na mkubwa mwenye upawa hakataliwi. Zena akafungua fundo moja, akafungua la pili. Akamweka mtoto kwenye miguu ya mkwewe, akabaki ameinama, kama anayesubiri kupigwa.

Bi Salima aliondoa kaniki. Alimtazama Kibwana usoni. Alishika nywele zake kidogo kwa vidole viwili, halafu akashika mguu, akaubonyeza kwa kidole gumba, akakiondoa, akaangalia shimo lililobaki. Midomo yake ilianza kucheza. "Miguu hii naijua," alisema. "Mwaka wa njaa nilizika wawili wenye miguu hii. Wote walikuwa nayo, kila nyumba. Mwaka ule hatukumsema mtu." Akainua uso, akamtazama Zena, kisha akautazama mstari wote wa wanawake, mmoja mmoja, kwa macho ya mtu anayetaka asikiwe mara moja na asirudie. "Huyu ana njaa," akasema. "Mmesikia? Ana njaa. Nileteeni uji, na si ule mwepesi wa juu, choteni mzito wa chini." Nilikimbia mimi. Alimpakata mjukuu wake, akamlisha kwa kidole chake mwenyewe, na ulipotoka aliurudisha, na ulipotoka tena aliurudisha. Zena alikuwa amekaa chini kwenye matuta, analia kwa sauti, kilio ambacho alikuwa amekiweka tangu mvua za vuli. "Na wewe," Bi Salima akamwambia bila kugeuka, "ukimaliza kulia ule. Ndani humo kuna mwingine wangu." Jirani mmoja alichukua jembe la Zena akaanza kulima sehemu yake, na mstari ukaendelea.

Haikuwa miujiza. Kibwana aliharisha, akapona, akaharisha tena. Sista alimpa maziwa ya mbuzi kwa kijiko. Bi Salima alimhamishia kwake, akawa anatwanga karanga alfajiri mpaka tunaamka kwa kelele zake. Zena alikula mpaka mayai, ambayo kwetu mwenye mimba hayali, na Bi Salima aliyeyakaanga alisema likitokea jambo aulizwe yeye. Kuna watoto wengine waliofunuliwa chini ya mti ule ambao uji ulichelewa kwao, na majina yao nayakumbuka, ila si yangu kuyaandika. Mahindi yalipokomaa Kibwana alisimama kwa kushika kinu kilekile. Baridi ilipokuwa inakwisha Zena alizaa msichana mdogo sana, mdogo kiasi cha kutisha, naye akaishi. Mloka alirudi kutoka relini akakuta watoto wawili, mke na mama yake wanakula sahani moja, akauliza kuna habari gani, wakamjibu hakuna. Mimi Jumatatu moja nilimwambia Sista sitabatizwa, ila nataka kusoma. Alinifundisha.

Siku hizi hapa mjini kuna kliniki nzuri, na mimi mwenyewe nimefanya kazi humo miaka mingi nikiwazalisha wanawake. Serikali nyingine, misheni nyingine, magunia mengine, na mazungumzo ya barazani ni yaleyale. Mara kwa mara anakuja kijana mpya, mwema, mwenye haraka, anasema wale wenye watoto waliokonda wakae benchi la huku. Nainuka kwenye kiti changu, naliondoa benchi. Wananiona mzee mkorofi, na mimi sijawahi kukataa.

Nirudi jikoni, siku ya arobaini. Kibwana alikuwa bado amekaa kwenye kibao cha mbuzi. Akasema, "Watu husema. Nikiwa shuleni, nikigombana na mtu, husema. Eti nilibemendwa. Hata nilipooa, wazee wa upande ule walisema. Mama hakuwahi kunijibu lolote, na mimi nikaogopa kwamba kunyamaza kwake ndiyo jibu. Sasa nimemzika sijui nimezika nini." Mzee mzima, na kidevu chenye mvi kinatetemeka kama cha mtoto. Dada yake, yule msichana mdogo sana, ambaye sasa ni mama mwenye mikono minene, alikuwa anakoroga sufuria ya nyama nyuma yetu, akaacha kukoroga. Niliweka ungo chini. Nilimshika mguu, pale juu ya kifundo, mguu mkavu wa mkulima, nikaubonyeza kwa kidole gumba.

"Ulikuwa na njaa, baba," nikamwambia. "Hukuwa na kitu kingine. Bibi yako alisema mbele ya watu wote, na mimi nilikuwepo. Ulikuwa na njaa, na mama yako alikubeba mgongoni mchana kweupe akakuleta ule."

Aliinuka, akapita katikati ya wageni bila kumwona mtu, akachukua njia ya makaburini. Wanawake wakataka kumfuata, nikawakataza. Chakula kilipakuliwa, watu wakala, dua ikasomwa, yeye bado yuko kule kwa mama yake. Nilimpakulia sahani, nikachota nyama ya chini, nikaifunika.